Blondin, aliyembeba mwenzake mgongoni juu ya korongo la Niagara

WENGI wanaolifahamu jina la Blondin humkumbuka kama mtu asiyeogopa kufa. Katika majira ya kiangazi ya mwaka 1859 na 1860 aliuvuka Mto Niagara mara kadhaa kwa kutembea juu ya kamba, bila wavu wowote chini yake. Jina lake lilivuma Marekani na Ulaya, na wapo waliomwona kuwa ni mwendawazimu aliyependelewa na bahati.

Sifa hiyo ilimpatia fedha nyingi, lakini haielezi kwa usahihi kile alichokuwa akikifanya. Mfaransa huyo alipanda kamba kwa mara ya kwanza akiwa bado na meno ya utotoni, na aliishuka kwa mara ya mwisho akiwa mzee wa miaka 72. Katika muda wote huo mwili wake ulikuwa mwanafunzi wa somo moja, nalo ni kuhisi unapoanza kuelemea upande kabla akili haijatambua, kisha kujirudisha.

Jina lake halisi lilikuwa Jean-François Gravelet. Alizaliwa Februari 28, 1824, katika jimbo la Pas-de-Calais, kaskazini mwa Ufaransa, na baba yake alikuwa mwanasarakasi. Inaelezwa kuwa akiwa na umri wa miaka mitano hivi alifunga kamba kati ya viti viwili vilivyoachana hatua chache, akajaribu kupita juu yake.

Wazazi wake hawakumkanya. Walimpeleka katika shule ya mazoezi ya viungo mjini Lyon, na baada ya miezi sita tu akaanza kuonyeshwa hadharani kama mtoto wa maajabu. Alipofikisha miaka tisa alikuwa yatima, na kamba iliyokuwa mchezo ikawa ndiyo riziki. Jina la Blondin, ambalo wengi hulihusisha na nywele zake za rangi ya dhahabu, lilikuja kuwa maarufu kuliko lile alilopewa na wazazi.

Elimu ya kamba huanzia kwenye nyayo. Mtu anayetembea ardhini hukanyaga bila kufikiri, kwa sababu ardhi haimjibu. Kamba hujibu. Kila hatua huitikisa, nayo huurudisha mtikisiko huo mwilini kupitia unyayo, kifundo cha mguu, goti na nyonga.

Mwanafunzi huanzia kwenye kamba ya chini, ambako kuanguka hakuna gharama, na huanguka mara nyingi mno. Hufundishwa kuuweka unyayo sambamba na kamba, ili kamba ianzie kati ya kidole gumba na kile kinachofuata hadi kisiginoni. Magoti hutakiwa yalegee kidogo, na macho yatazame mbele mahali palipotulia, si miguuni.

Kitabibu, mwili hupata habari za mizani yake kutoka sehemu tatu. Ndani ya sikio mna mirija midogo iliyojipinda yenye majimaji, ambayo hueleza kichwa kimeinama au kimegeuka kiasi gani. Macho nayo hueleza wima ni upi. Halafu vipo vihisio vilivyomo ndani ya misuli, kano na maungio, ambavyo huujulisha ubongo kila kiungo kilipo hata mtu akiwa amefumba macho.

Habari hizo zikipingana, mtu hupata kizunguzungu. Mtembea kamba huzizoeza hadi zisikilizane, tena huizoeza misuli ijibu upesi kwa marekebisho madogo madogo, badala ya kungoja kosa likue ndipo aanze kupapasa hewani kwa mikono. Kwa hiyo mtu aliye juu ya kamba hatulii hata sekunde moja. Anachokiona mtazamaji kama utulivu ni mwanguko unaosahihishwa mfululizo, kila mara mapema mno kiasi kwamba hauonekani.

Katika miaka ya 1850 Blondin alivuka Bahari ya Atlantiki na kwenda kufanya maonyesho Marekani pamoja na kundi la sarakasi la familia ya Ravel, lililokuwa na jina kubwa jijini New York. Mwaka 1858 alifika Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, na wazo la kuuvuka mto ule kwa kamba halikumtoka tena.

Mtu huyu hakuwa pandikizi. Alikuwa na kimo cha sentimeta 165 hivi na uzito wa kilo zisizozidi 65, mwenye mwili mkavu uliokazana. Aliposema anataka kutembea juu ya korongo lile, wengi hawakumwamini, na walioamini waliweka dau kwamba angekufa.

Ikumbukwe kwamba Blondin hakupita juu ya maporomoko yenyewe kama inavyodhaniwa mara nyingi. Kamba yake ilitandazwa chini zaidi, juu ya korongo ambamo mto hukimbia kati ya magenge marefu baada ya maji kuanguka. Ilikuwa kamba nene ya nyuzi za mimea, yenye urefu wa zaidi ya mita 300, na mwanzoni na mwishoni ilikuwa takriban mita 50 juu ya maji.

Kamba ndefu kiasi hicho haiwezi kukazwa ikanyooka kabisa. Ilibonyea katikati kwa mita nyingi, hivyo mtembeaji alianza kwa kuteremka mlima na kumaliza kwa kuupanda. Ili isiyumbe sana, kamba ndogo za kuishikilia zilifungwa pande zote mbili hadi kwenye kingo za mto, lakini kipande cha katikati hakikufikiwa. Hapo ndipo kamba ilipoachwa icheze itakavyo.

Juni 30, 1859, mbele ya umati uliokadiriwa kufikia watu 25,000, alikanyaga kamba upande wa Marekani akiwa amevaa viatu vya ngozi laini na ameshika fito refu la mti. Alipofika katikati aliketi, akateremsha uzi hadi kwenye mashua ya Maid of the Mist iliyokuwa chini, akavuta chupa, akanywa, kisha akainuka na kuendelea hadi Kanada. Baada ya mapumziko alirudi kwa njia ileile, safari hii akiwa amebeba mgongoni kamera nzito ya wakati ule.

Fito lile halikuwa pambo. Lilizidi mita saba kwa urefu, na uzito wake ulikaribia kilo 20. Kitu kirefu hakigeuki upesi, hivyo mwili unapoanza kuinama, fito huuchelewesha na kumpa mwenyewe muda wa kujirekebisha. Ncha zake zinapolemea chini, kitovu cha uzito nacho hushuka na kusogea karibu na kamba. Lakini fito haliwezi kumwambia mtu anaelemea upande gani. Hilo mwili wake lazima ulijue wenyewe.

Umati haukawii kuzoea. Waliotetemeka Juni walihitaji jambo jipya Julai, naye Blondin, aliyeijua biashara yake vizuri, aliwapatia. Alitembea kinyumenyume. Alivuka akisukuma toroli, siku ambayo Millard Fillmore, aliyewahi kuwa Rais wa Marekani, alikuwa miongoni mwa watazamaji. Alibeba jiko, akaliwasha katikati ya kamba, akakaanga mayai na kuyateremsha kwa abiria wa mashua.

Kati ya vituko hivyo, ule wa kuvuka akiwa amefunikwa gunia ndio unaofundisha zaidi. Kwa watazamaji ilikuwa ni hatari iliyoongezwa chumvi. Kwa anayejua namna mizani ya mwili inavyofanya kazi, ulikuwa ushahidi kwamba Blondin aliweza kuyanyima macho yake kazi na bado akabaki juu. Pengine pale Niagara, ambapo maji yaendayo kasi humdanganya mtazamaji akadhani ni yeye anayesogea, macho yaliyofunikwa yalikuwa na manufaa yake.

Agosti mwaka huohuo alifanya jambo ambalo halikutegemea mwili wake peke yake. Alimbeba mgongoni meneja wake, Harry Colcord, mtu ambaye hakuwa mtembea kamba na ambaye uzito wake ulikaribiana na wa Blondin mwenyewe.

Mzigo wa mchele hautoi shida ya namna hiyo. Unakaa pale ulipowekwa. Binadamu aliyebebwa ana masikio yake, macho yake na hofu yake, na mwili wake unapohisi unaanguka hujitupa upande wa pili bila kuomba ruhusa. Watu wawili wanaojisawazisha kila mmoja kivyake juu ya kamba moja wataangushana, hata kama wote ni hodari.

Kwa mujibu wa simulizi ya Colcord mwenyewe, aliyoitoa miaka mingi baadaye, Blondin alimpa maelekezo ya jambo moja ambalo kulitii ni kugumu kuliko kulielewa. Asijaribu kujisawazisha hata kidogo. Ajihesabu kuwa hayupo, awe sehemu ya mwili wa anayembeba. Blondin akiyumba, naye ayumbe pamoja naye. Kwa maneno mengine, Colcord alitakiwa azime kile ambacho mwili wa kila mtu hujifunza tangu siku unaposimama dede kwa mara ya kwanza.

Safari hiyo ilichukua zaidi ya nusu saa. Mara kadhaa Blondin alilazimika kupumzika, na kila alipopumzika Colcord alitakiwa ateremke kutoka mgongoni, asimame kwa miguu yake juu ya kamba huku akiwa amemshika mwenzake mabegani, kisha apande tena. Hapakuwa na mahali pengine pa kukanyaga.

Walipokuwa kwenye kipande kile cha katikati kisichoshikiliwa, kamba iliwayumbisha vibaya. Blondin aliongeza mwendo hadi kwenye kamba ya kwanza ya pembeni, na alipotia mguu ili atulie, kamba hiyo ikakatika. Akakimbia tena, akiwa na mtu mgongoni, hadi kwenye iliyofuata. Colcord aliamini kuwa kuna mtu aliyeihujumu kwa ajili ya dau lake. Walipoikaribia kingo, hofu yao ilikuwa umati, ambao kwa furaha yake ungeweza kuwakumba na kuwarudisha korongoni.

Mwaka uliofuata Blondin alipata mpinzani, William Hunt wa Kanada, aliyejiita Farini, ambaye naye alitandaza kamba yake Niagara na kuvuka akiwa na mashine ya kufulia nguo mgongoni. Septemba 1860 Mwana wa Mfalme wa Uingereza, aliyekuja kutawala baadaye kama Edward VII, alimtazama Blondin akivuka kwa mironjo. Inasimuliwa kuwa Blondin alijitolea kumvusha mgeni huyo mgongoni, akakataliwa kwa heshima.

Wakati huo jina lake lilikuwa limeingia hata katika siasa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipopamba moto, Rais Abraham Lincoln alijilinganisha naye alipowajibu wakosoaji wake, na wachora katuni wakamchora Rais akiwa juu ya kamba na mzigo wa taifa.

Mwaka 1861 Blondin alihamia Uingereza, akafanya maonyesho katika ukumbi mkubwa wa vioo wa Crystal Palace jijini London. Huko alipiga kichwangomba akiwa juu ya mironjo, kwenye kamba iliyokuwa zaidi ya mita 20 kutoka chini. Kisha akamweka bintiye Adele, mwenye miaka mitano, ndani ya toroli na kumsukuma juu ya kamba huku mtoto akimwaga maua ya waridi.

London ilipandwa na hasira. Waziri wa Mambo ya Ndani aliingilia kati na kukataza onyesho hilo. Blondin, ambaye yeye mwenyewe alionyeshwa hadharani akiwa na umri uleule, huenda hakuliona kosa lake. Lakini tofauti ilikuwapo, na serikali iliiona. Mtoto wa Lyon alitembea kwa miguu aliyoifundisha. Mtoto wa toroli hakuwa na la kufanya ila kutumaini kwamba baba yake hatakosea. Mwaka 1879 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia watoto walio chini ya miaka 14 kushiriki maonyesho ya hatari.

Lipo pia jambo ambalo mafunzo hayawezi kulifidia. Katika bustani ya Portobello mjini Dublin, mwanzoni mwa miaka ya 1860, kamba ilikatika Blondin akiwa kazini na majukwaa yaliyoishikilia yakaporomoka. Yeye hakuumia. Wafanyakazi wawili waliokuwa juu ya jukwaa walianguka wakafa. Uchunguzi ulimnyooshea kidole mtengenezaji wa kamba zaidi kuliko mtembeaji, lakini familia mbili zilikuwa zimekwisha kupoteza watu kwa ajili ya burudani ya mchana mmoja.

Baya zaidi liliwapata walioiga. Umaarufu wake ulizaa kundi la watembea kamba waliojitangaza kwa jina lake, wakiwamo wanawake walioitwa Blondin wa kike. Mmoja wao, Selina Powell, alianguka Julai 20, 1863, katika bustani ya Aston Park karibu na Birmingham baada ya kamba yake kukatika. Alikuwa mjamzito, na alikufa palepale.

Sherehe iliyokuwa ikiendelea haikusimamishwa. Malkia Victoria, ambaye alikuwa ameizindua bustani hiyo miaka mitano kabla, aliagiza barua iandikwe kwa meya wa Birmingham kueleza uchungu wake kwamba mwanamke alitolewa mhanga ili watu wafurahi. Haielekei kwamba Powell alishindwa na mizani. Alishindwa na kamba mbovu na waandaaji wasioikagua, na ni vema visa hivi viwili vikatenganishwa.

Si kwamba wanawake hawakuweza. Julai 1876, Maria Spelterini kutoka Italia aliuvuka Mto Niagara kwa kamba, na siku chache baadaye akavuka tena akiwa amefunga vikapu miguuni, jambo ambalo liliziba masikio ya nyayo zake kama gunia lilivyoziba macho ya Blondin. Alimaliza salama.

Blondin aliendelea kuzunguka. Mwaka 1873 alivuka bwawa la Edgbaston mjini Birmingham, ambako sanamu yake ilisimamishwa mwaka 1992, na mwaka 1874 alikuwa Australia akijaza viwanja vya Sydney na Melbourne. Inaelezwa kuwa katika safari moja ya meli kati ya Aden na Galle, huko Sri Lanka, alitembea kwenye kamba iliyofungwa kati ya milingoti, na mara tano alilazimika kuketi meli ilipopigwa na mawimbi makubwa.

Habari hiyo ndogo husahaulika kwa sababu haina mbwembwe, lakini ndiyo inayomwonyesha alivyokuwa. Mtu mwenye papara angesimama ili kuulinda utukufu wake. Blondin aliketi. Mwili uliofunzwa vizuri huijua pia saa ya kutosimama.

Kuhusu wavu, aliukataa maisha yake yote. Aliamini kuwa anayejiandaa kuanguka hujikaribishia mwanguko. Si kila mtaalamu wa leo atakayekubaliana naye. Karl Wallenda, mkuu wa familia mashuhuri ya watembea kamba, naye alifanya kazi bila wavu hadi Machi 22, 1978, alipoanguka na kufa mjini San Juan, Puerto Rico, akiwa na umri wa miaka 73. Mjukuu wa binti yake, Nik Wallenda, alipovuka juu ya maporomoko yenyewe ya Niagara Juni 15, 2012, alitembea kwenye waya wa chuma na kufungwa mkanda wa usalama, kwa sababu kituo cha televisheni kilichorusha onyesho hilo kilishikilia hivyo.

Blondin alipumzika kwa muda, kisha mwaka 1880 akarejea kazini. Alizeeka juu ya kamba. Nywele za dhahabu zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe, na bado alipita pale ambapo vijana hawakuthubutu. Mwaka 1895, baada ya mkewe Charlotte kufariki, alimuoa Katherine James, aliyekuwa amemuuguza alipoumia mgongo. Onyesho lake la mwisho lilikuwa Belfast, mwaka 1896.

Hakufa kwa kuanguka. Kisukari, ugonjwa ambao ukikomaa huwanyang'anya wengi hisia za nyayo, ndicho kilichomuua Februari 22, 1897, siku sita kabla ya kutimiza miaka 73. Alifariki nyumbani kwake Ealing, magharibi mwa London, katika nyumba aliyoipa jina la Niagara, na akazikwa katika makaburi ya Kensal Green.

Machimbo ya mawe ya Wales yalilichukua jina lake na kuuita blondin waya wa kubebea mizigo angani kutoka upande mmoja wa shimo hadi mwingine. Ealing nako, katika mtaa aliokuwa akiishi, barabara mbili za makazi zina majina ya Blondin na Niagara.